Mgongo wa Kambale Paluku

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza aliniuliza kwa nini ninapoinama juu ya meza ya upasuaji ninakunja mwili kwenye nyonga na si kiunoni. Nilimjibu kwa maneno machache, maana somo lilikuwa likiendelea. Jibu refu ni hili. Ninaliandika miezi kumi na minne baada ya kumeza kidonge cha mwisho, nikiwa na idhini ya daktari ya kubeba ndoo ya maji lakini si gunia la maharagwe. Ninamwandikia mtu ambaye leo ameketi kwenye benchi la korido ya hospitali, mkono mmoja mgongoni, mkono wa pili umeshika karatasi, naye ameambiwa arudi kesho. Nadharia ya ugonjwa atapewa na madaktari. Mimi nitamweleza yaliyonipata, kwa utaratibu, kadiri ninavyoyakumbuka.

Kwanza niseme nilichokihofia. Kufa sikukufikiria sana. Nilihofia kutosimama tena mbele ya meza moja ya saruji.

Meza hiyo imo katika chumba cha upasuaji wa maiti cha kitivo chetu hapa Butembo. Fundi aliyeijenga alikuwa mrefu, au alidhani sote ni warefu: ukingo wake unanifika chini kidogo ya kifua. Aliyekaa kwenye kiti haoni kitu. Kila kazi hapo hufanywa kwa kusimama, na mtihani wa vitendo wa ubongo na ugwe wa mgongo (uzi wa neva ulio ndani ya uti), ambao asiyeufanya hapandi darasa, huanza saa mbili asubuhi na kwisha saa sita mchana.

Niliingia udaktari nikiwa na miaka ishirini na saba, nikiwa nimechelewa. Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa Kilatini katika shule ya Kiprotestanti, naye aliniachia tabia ya kuuliza kila neno limetoka wapi. Nilidhani tabia hiyo ingenitosha. Mvua za Oktoba zilipoanza, Papa Muhindo, mzee anayekitunza chumba kile, alitoa ubongo katika ndoo ya formoli, dawa ya kuhifadhia, na kuniwekea viganjani. Ulikuwa na uzito wa papai la wastani, na ulitaka kushikwa kwa mikono miwili, kama mtoto anayeogeshwa kwa mara ya kwanza. Mfereji mwembamba nilioukariri kitabuni mara ishirini niliuelewa tu ncha ya kidole changu kidogo ilipoupapasa. Tangu siku hiyo nilijua kwamba kuna elimu isiyopita machoni.

Papa Muhindo hakupenda neno maiti. Aliyelala mezani alimwita Mugeni, na kila asubuhi, baada ya sala, alitukumbusha: "Mugeni anasikia. Mwenye iko na mambo ya kucheka, atoke inje acheke kule, kisha arudie."

Tulitoka nje tukacheka, kwa sababu kulikuwa na jambo la kuchekesha. Kwetu Wanande mtoto huitwa kulingana na nafasi yake ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza anaweza kuitwa Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo. Wasichana wana orodha yao: dada yangu mkubwa ni Masika, mimi, wa tatu, ni Kavugho. Sasa, binadamu ana pingili tano za kiunoni, zilizopangwa moja chini ya nyingine kama ndugu mlangoni. Darasa letu, ambalo karibu lote lilikuwa la Wanande, halikuchukua hata wiki moja kuzibatiza. Paluku alikuwa pingili ya kwanza ya kiuno, Kambale ya pili, na kuendelea hadi Katembo, anayekalia mfupa wa nyonga. Hakuna aliyezisahau tena. Profesa wetu, anayetoka mkoa mwingine na kuja kwetu mara moja kwa mwaka, hakuelewa kamwe kwa nini mwanafunzi akiguswa kiunoni kwa kalamu hujibu kwanza kwa jina la mjomba wake.

Maumivu yalianza Novemba, mahali hasa pa Kambale. Nililaumu meza. Mwanafunzi mwenzangu niliyefanya naye kazi upande mmoja wa Mugeni, jina lake Kasereka, alilaumu meza pia, na tulikuwa na hakika kwa sababu tulijua kila msuli uliopo mahali pale. Huo ndio ujinga wa mtu aliyesoma: nilikuwa na jina la kila kitu kinachoweza kuuma, basi sikuuliza kilichokuwa kikiuma. Jioni nililoa jasho ilhali Butembo kulikuwa na baridi. Kitenge kilichokuwa kikinizunguka mara moja na nusu kilianza kunizunguka mara mbili. Siku za Noeli sikuweza kuokota kijiko kilichoanguka. Nilipiga magoti, nikakiokota, nikainuka kwa kushika mguu wa meza, na mama yangu, ambaye anaishi Kirumba na alikuwa amekuja kwa sikukuu, alikuwa akinitazama.

Januari, vumbi la kiangazi likiwa limekwisha kukaa juu ya kila kitu, nilikwenda kupigwa picha ya mgongo. Kasereka alinisindikiza. Nilipokuwa ndani nikivua nguo, fundi wa picha alichungulia dirishani na kumuuliza Kasereka, kalamu mkononi, "Ni nani?"

Alitaka jina la mgonjwa. Kasereka, ambaye kichwani mwake mlikuwa na mfupa tu, alijibu, "Ni Kambale. Ao pengine Paluku kidogo."

Fundi aliandika: Kambale Paluku. Ni jina kamili na zuri. Mjini kwetu ukiliita sokoni watageuka watu kumi.

Mimi sikuyasikia hayo. Nilichokijua ni kwamba niliporudi kuchukua picha, haikuwapo. Niliporudi tena, haikuwapo. Kwa wiki tatu nilikaa kwenye benchi lile la korido, kati ya ukuta uliopakwa rangi ya kijani hadi usawa wa bega na mlango uliofunguka kwa ajili ya wengine. Nilijifunza kuketi kwa tako moja na kubadilisha. Nilijifunza ni saa ngapi jua huingia na linapofika. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri picha ya mkono wa mumewe alinigawia nusu ya ndizi yake kila tulipokutana, na sikumwuliza jina. Popote alipo, ndizi zile sijazisahau. Kila asubuhi fundi alipekua bahasha zake, akanitikisia kichwa: "Kavugho hapana hapa, Madame. Pengine batu ya labo balibeba."

Kasereka ndiye aliyelifichua kosa, tena kwa kunichekesha. Alikuja kunitembelea nyumbani, akaniona nimelala chali sakafuni, akatafuta neno la kunifurahisha.

"Mais ule papa wa picha ya radio anajua anatomie, Kavugho. Nilimuambia Kambale na Paluku, akasema sawa, akaandika mara moja. Hapana hata kuniuliza."

Nilimwomba arudie. Alirudia. Alipofika kwenye neno akaandika, alijishika kichwa kwa mikono miwili.

Tulikwenda asubuhi iliyofuata. Fundi alisikiliza hadi mwisho, akavuta sanduku la mbao kutoka chini ya meza. Lilikuwa la akina Kambale peke yao.

"Hapa Kambale Paluku beko batano," alisema. "Sasa wewe uko yupi?"

Nilizichukua bahasha tano, nikasimama dirishani. Mbili zilikuwa za kifua, moja ya goti. Zilizobaki zote mbili zilikuwa za mgongo, za watu wawili wenye jina moja, na juu ya filamu hakuna uso. Niliinua ya kwanza, kisha ya pili. Katika ile ya pili fundi alikuwa amenasa nyonga yote, na nyonga ile ilikuwa pana, mduara wake wa ndani umekaa kama bakuli, mifupa ya mbele imeachana kwa pembe kubwa. Nilikuwa nimeishika kwa mikono yangu nyonga ya aina hiyo, na ya aina nyingine, nikiwa nimefumba macho, Papa Muhindo akinisahihisha.

"Huyu Kambale," nilisema, "ni mwanamke."

Fundi alikuja akaegemea dirishani. Aliufuata mduara kwa kalamu. "Kweli," alisema. "Iko na nyonga ya mama. Bon, sawa, Madame, nihurumie."

Sikuwa na nafasi ya kumhurumia wala kumkasirikia, kwa kuwa macho yangu yalikuwa yamekwisha kupanda juu. Pingili ya kwanza ya kiuno na ya pili hazikuwa mbili tena. Nafasi kati yao ilikuwa imetoweka, upande wa mbele umeporomoka kama ukuta wa udongo baada ya mvua, na kando yake palilala kivuli chenye umbo la ndizi. Kwa hiyo nilikuwa mtu wa kwanza kusoma hukumu yangu, nimesimama, mchana, na nilijua kuisoma. Ni vigumu kumweleza asiyepitia: pamoja na hofu nilihisi kitu kinachokaribia fahari. Kifua kikuu kilikuwa kimeingia katika mifupa ya mgongo. Kina dawa.

Nilipokuwa nikishuka ngazi za hospitali, Kasereka aliniita kutoka nyuma. Ndara yangu ya kushoto ilikuwa imebaki ngazi mbili juu. Mguu haukuwa umeniambia.

Siku ya tatu niliwekwa kwenye godoro nyuma ya gari la kanisa, nikapelekwa Beni, ambako kulikuwa na daktari wa mifupa na nyumba ya Masika. Tuliondoka asubuhi na mapema, tukasimama kwenye vizuizi vyote, na kwenye kila kizuizi askari alifunua shuka, akaona mimi ni mtu, akanifunika. Masika anakaa katika mtaa mmoja wa kata ya Beu, humo Beni, na anauza mafuta ya mawese sokoni. Alinipa chumba chake. Yeye alilala sebuleni kwa miezi saba, na nilipojaribu kumshukuru alinikatiza: "Wewe nyamaza, Madame Squelette, wewe mifupa mitupu. Ukisimama utanishukuru."

Daktari alikuwa mtu wa Kasai, mpole, mwenye Kiswahili cha kujifunzia kazini. Aliinua picha, akasoma jina, akanitazama, akasoma jina tena. Nilimsimulia. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha alinigonga magoti kwa nyundo yake ndogo, na kicheko kikaisha.

"Collègue," aliniita, yaani mwenzake wa kazi, na tangu siku ile hakuniita vinginevyo, "moelle, ugwe ya mugongo, iko inafinywa. Dawa mwaka muzima. Korse. Kulala. Halafu tutaona kama miguu itarudia."

"Itarudi lini?"

"Miguu hapana nanipatiaka siku ya rendez-vous."

Wakati wangu tangu hapo ulipimwa kwa dawa. Miezi miwili ya kwanza ilikuwa ya vidonge vya aina nne, na iliangukia Februari na Machi, joto la Beni likikaa ndani ya korse ya plasta kama mgeni asiyeaga. Ngozi chini ya plasta iliwasha, nami nilijikuna kwa kijiti cha kufumia. Kila kitu kilichotoka mwilini kilikuwa chekundu kwa dawa: machozi, jasho, mkojo. Mara ya kwanza Masika alipomwaga beseni alirudi mlangoni, akasimama.

"Kavugho, uko nakojoa mawese. Nipeleke soko?"

Nilicheka, na kucheka kuliuma kuanzia mbavu hadi visigino. Nilimwambia arudie, maana visigino vilikuwa vimehisi kitu. Wote wawili tulivitazama visigino vyangu.

Mvua za masika zilipokolea, Mama alikuja kutoka Kirumba, maharagwe mapya ya kupanda akiwa ameyaacha mikononi mwa majirani, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alikuwa na neno, na hakulizungusha.

"Unapasula mugongo ya batu, sasa ya kwako nayo inapasuka. Mimi hapana kusema ni laana. Niko mukristo. Lakini naona."

"Mama, ni mdudu. Alipita mapafuni, akashuka."

"Huyo mududu alijua njia. Nani alimuonyesha?"

Masika aliingilia, sauti zikapanda, na ugomvi ukadumu siku mbili. Siku ya tatu Mama aliniambia alichokuwa amekipanga. Préfet, yaani mkuu, wa shule moja ya sekondari ya Kirumba alikuwa akitafuta mwalimu wa Kilatini kwa mwaka wa shule utakaoanza Septemba. Mama alikuwa amekwisha kuzungumza naye. Nafasi ingeningoja hadi mwisho wa Agosti.

"Kilatini unafundisha umekaa," alisema. "Hapana kufundisha na miguu."

Nilihesabu miezi. Mtihani wa vitendo ulikuwa Agosti, Profesa atakapokuja. Nikiukosa, nitakuwa nimepoteza mwaka, na baada ya mwaka huo sikujua kama kitivo kingemsubiri mtu asiyesimama. Tulipatana hivi, naye Masika akiwa shahidi: nikiweza kusimama asubuhi nzima mbele ya meza ile na kufaulu, Mama atawaacha wafu wangu kwa amani. Nisipoweza, nitakwenda Kirumba nikafundishe nomino na vitenzi nikiwa nimeketi. Ninakiri kwamba katika siku mbaya nafasi ile ilinivutia.

Kulikuwa na tatizo jingine. Somo la ugwe wa mgongo lilifanyika Februari bila mimi. Wenzangu walikuwa wamefungua mgongo wa Mugeni, mimi nilikuwa nimelala Beu nikitazama mabati. Kasereka alinitumia daftari lake lote, lakini nimekwisha kueleza ninavyofikiri kuhusu elimu ya macho. Nilimwomba Masika aninunulie mgongo wa mbuzi, mzima, usiokatwa kwa shoka.

"Mwenye nyama aliniuliza, ni ya supu ya namna gani hiyo," alisimulia aliporudi. "Nilimuambia, ni ya masomo. Akasema basi anipunguzie, maana mutoto wake naye iko anasoma."

Waliniegemeza kwenye mito, wakaweka ubao mapajani pangu. Nilikuwa na kisu cha jikoni, mkasi wa Masika wa kushonea, na patasi ya jirani seremala. Niliharibu pingili tatu za kwanza. Ya nne niliifungua, na tangu hapo patasi ilianza kujua inapopaswa kusimama: mfupa ukikaribia kwisha, mlio wa pigo hubadilika, nao hauandikwi kitabuni. Chini ya mfupa palikuwa na mafuta, na chini ya mafuta utando mgumu, mweupe, unaong'aa.

Mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua sombe, majani ya muhogo, ametugeuzia mgongo. Hakugeuka, lakini aliuliza, "Hiyo inaitwaka nini?"

"Kwa Kilatini, dura mater. Mama mgumu."

Mikono yake ilisimama juu ya majani. "Nani alisema hivyo?"

"Waliozipa tando hizi majina, zamani. Wa nje ni mama mgumu. Wa ndani kabisa, unaougusa ugwe wenyewe, mwembamba hata hauonekani, ni pia mater. Mama mwema."

"Na huyo mugumu anafanya kazi gani?"

"Anazuia."

"Bon, sawa," alisema Mama, akarudia sombe lake. "Basi iko vile. Mutu anamusema tu mugumu, haulizake anazuia nini."

Jioni ile Masika aliupika mgongo wa mbuzi na ndizi, tukaula. Kwa wiki sita zilizofuata, kila siku ya posho, yaani Jumamosi, tulikula mgongo uliofunguliwa, kila mmoja kwa usafi zaidi ya uliotangulia, na Mama, ambaye alikuwa amesema atakaa siku nne, alikuwa bado yupo.

Mwezi wa tatu wa dawa vidonge vilipungua kuwa vya aina mbili, plasta ikavuliwa, nikapewa korse ya ngozi yenye vyuma. Mgongoni palikuwa pamebaki nundu ndogo, ya ukubwa wa limau. Ipo hadi leo, na sijawahi kuifunika kwa makusudi. Nilianza kupelekwa kwenye chumba cha mazoezi, chenye fito mbili za chuma sambamba. Benchi lake ndilo nililolipenda kuliko yote, kwa sababu waliokuwa wakisubiri hapo walikuwa wakisubiri kufanya jambo, si kuambiwa jambo. Jirani yangu alikuwa sajini mmoja wa mkoa wa Ekwateri, mguu wake ukiwa umefungwa vyuma, mtu wa maneno mengi.

Siku yangu ya kwanza kwenye fito nilisimama kwa muda wa kuhesabu hadi kumi na moja. Magoti yalitetemeka kama mtambo usiokaa sawa.

"Malembe, docteur, malembe," alisema sajini, akiniambia kwa Kilingala niende polepole. "Hapana mutu iko anakukimbiza. Mimi ndiye banakimbizaka, na niko hapa nimekaa."

Siku ya pili nilihesabu hadi thelathini. Mwishoni mwa Mei nilitembea kutoka kitandani hadi mlangoni nikishika ukuta. Katikati ya Juni, bila ukuta. Kisha ilianza kazi ya kusimama pasipo kwenda popote, ambayo ni ngumu kuliko kutembea, na wagonjwa wenzangu wanapaswa kuijua. Masika aliweka meza yake ya mawese uani juu ya matofali hadi ilipofika chini kidogo ya kifua changu. Nilisimama hapo. Robo saa, nusu saa, saa nzima. Nilichambua maharagwe ya mtaa mzima. Siku moja, dakika ya arobaini, miguu ilikatika bila taarifa, nikaanguka juu ya sinia. Mama alikuja akaketi chini kando yangu, tukaokota maharagwe moja moja, na hakutaja Kirumba.

Agosti nilirudi Butembo, nikiwa katika mwezi wa saba wa dawa. Profesa alikuwa na taarifa. Alinipokea ofisini kwa heshima na kunipa njia nyepesi: mtihani wa maswali, nikiwa nimekaa, na alama ya kutosha kupanda darasa. Niliona kwamba alinitakia mema. Nilimwambia ningependa kuufungua mgongo kwa mkono wangu. Aliniuliza kama daktari ameruhusu. Nilimwonyesha karatasi, ambayo daktari wa Beni alikuwa ameiandika kwa mkono: Collègue anaweza kusimama.

Jumanne, saa mbili kamili, Papa Muhindo aliongoza sala. Mugeni alikuwa mwingine, mwanaume mzee, amelazwa kifudifudi, kichwa kimefunikwa. Papa Muhindo alinisogezea mikono ya aproni yangu, akafunga kamba juu ya korse, akaninong'oneza: "Ukichoka, angalia mimi. Hapana angalia Profesa."

Sitaandika kila pigo. Saa ya kwanza ilikuwa ya misuli, nami niliisafisha hadi mfupa ukawa mtupu. Saa ya pili msumeno, pande zote mbili, na miguu yangu ilianza kuwaka kutoka chini kwenda juu; nilihamisha uzito kama nilivyofanya kwenye benchi, upande mmoja, kisha wa pili. Saa ya tatu nilichukua patasi. Profesa alisogea karibu. Nilipofika pingili ya kwanza ya kiuno na ya pili, mahali palepale ambapo zangu zilikuwa zimeungana, mkono wangu ulisita. Sikumtazama mtu. Nilisikiliza mlio. Ulipobadilika nilisimamisha patasi, nikainua kipande kizima cha mfupa kama mtu anavyoinua kifuniko cha chungu, na chini yake utando mweupe ulikuwa mzima, bila mkwaruzo.

"Nani alikufundisha hivyo?" aliuliza Profesa.

"Mbuzi," nilisema, na ilikuwa kweli.

Niliukata utando kwa mkasi, nikaufungua pande mbili. Ugwe ulilala ndani ya mfereji wake, rangi ya maziwa yaliyokaa, ukinyooka hadi pingili zile na kuishia kwa ncha. Chini ya ncha mizizi ilishuka kwa wingi, ile ambayo Kilatini huiita mkia wa farasi. Nilikata mzizi mmoja baada ya mwingine nikiutaja. Hatimaye niliuinua ugwe wote na kuulaza juu ya mkono wangu. Ulianzia kwenye kiwiko na kuishia kwenye ncha za vidole. Ulikuwa mwepesi kuliko yai. Nilifikiri: mwenzake ameshikiliwa ndani yangu na mifupa miwili iliyoanguka na kushikana tena, na juu ya kitu chembamba kiasi hiki nimesimama tangu saa mbili. Nje kengele ya saa sita ililia, na Profesa akaandika kwamba nimefaulu. Papa Muhindo alinipokea vyombo kimoja kimoja, na nilipotoka nje nilitembea hadi kwenye lango kabla ya kutafuta mahali pa kuketi.

Mgonjwa mwenzangu, hakikisha jina lako limeandikwa vizuri juu ya bahasha. Meza vidonge vyako hata siku utakapojiona mzima, maana mimi nilibaki na miezi mitano ya kumeza baada ya ushindi huo. Tafuta mtu wa kukuchekesha, hata ikiuma.

Siku ile ya mtihani Masika alimpigia Mama simu kabla yangu, kwa hiyo nilipompata alikuwa amekwisha kupata habari. Alikuwa shambani Kirumba, nilisikia upepo. Alinishukuru kwa Kinande, wasingya, kana kwamba ni yeye niliyemfanyia kazi. Nilimwambia sasa inabidi amweleze préfet atafute mwalimu mwingine, na amwombe radhi kwa niaba yangu, kwa kuwa amesubiri jibu lake hadi siku za mwisho.

"Hapana kunisubiri kitu," alisema Mama. "Nilisha kumuambia. Siku ya posho."

Mtihani ulikuwa Jumanne.